Usimpe Pole Njiani

Asubuhi Malkia aliposhikwa na uchungu, Redio alikuwa uani anasugua sufuria kwa majivu na kumsema jogoo wa jirani, ambaye hakuwa amemkosea kitu. Redio alikuwa na kawaida ya kumsema yeyote aliyekuwa karibu, na asubuhi hiyo aliyekuwa karibu ni jogoo. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila lilitunzwa bila kutumika, kama vikombe vya wageni.

Malkia akatokea mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Alikuwa mke wa kaka yake Redio. Jina la Malkia alipewa na Redio mwenyewe wiki ya kwanza ya ndoa, kwa kosa la kuamka jua likiwa limeshachomoza.

"Wifi," akasema taratibu, "naona leo niende sokoni."

Redio akaiweka sufuria chini. "Leo leo?"

"Leo leo. Tena naona nimechelewa kidogo."

Haikuwa siku ya soko. Lakini kijijini hapo hakuna aliyetaja hospitali kwa jina akiwa nje ya nyumba, kwa sababu njia ya kwenda huko ilipita ubavuni mwa ua, na njia hiyo ilikuwa inasikia.

Kasoro nyingine haikuwa nayo. Ilikuwa njia ya udongo mwekundu, yenye nyasi katikati na mashimo ya kiasi. Mtu mwenye afya aliimaliza kabla jasho halijamtoka. Wachuuzi waliipita, wachumba waliipita, walimu waliipita wakiwa wamebeba viatu mkononi ili visichakae. Ila ikishajua kwamba anayepita ni mgonjwa, ilirefuka. Mwenye mafua alichelewa chakula cha mchana. Mwenye malaria alilala njiani. Gari la wagonjwa liliwahi kuja mara moja. Lilifika upesi sana, likampakia mzee mmoja, na wakati wa kurudi mafuta yakaliishia katikati ya safari. Dereva akashuka kwenda kutafuta mengine, akafika mjini mara moja, maana yeye alikuwa haumwi. Tangu siku hiyo kila akipigiwa simu aliuliza kwanza kama mgonjwa ni mgonjwa kweli, na akiambiwa ndiyo, alikata.

Kwa hiyo watu walijifunza kuidanganya njia. Mgonjwa alivalishwa nguo za kutokea. Alipewa kapu. Hakuruhusiwa kuguna wala kukunja uso, na waliomsindikiza hawakuruhusiwa kuharakisha, kwa sababu hakuna kitu kinachotangaza ugonjwa kama haraka. Zaidi ya yote, alisindikizwa na mtu mwenye haki ya kumtania: shemeji kwa shemeji, wifi kwa wifi, mjukuu kwa bibi. Njia ilipomsikia mtu anatukanwa bila huruma, iliamini kwamba ni mzima, ikamwacha apite. Neno moja tu lilikatazwa kabisa, nalo ni pole.

Baba yake Redio alikufa kwa neno hilo. Watani wake wote walikuwa wameshatangulia, akasindikizwa na mke na watoto, watu ambao hawana ruhusa ya kumkosea adabu. Walimsifia hali ya hewa, wakamsimulia habari za mbuzi. Karibu na kisima akajikwaa, na mkewe, kabla hajajizuia, akasema, "Pole, mume wangu." Walitembea hadi chakula cha njiani kikaisha. Alipokata roho wakamzika palepale, mahali pa mbali wasipopajua, penye vichaka vya ajabu. Mara tu alipofunikwa, njia ikarudia kipimo chake, na kaburi likajikuta nyuma ya kisima, umbali wa kuazima chumvi. Mkewe alilifagia kila asubuhi akienda kuchota maji. Aliapa kwamba hatamsindikiza mtu tena maisha yake yote.

Mkunga wa jirani aliitwa. Akampapasa Malkia tumboni, akapapasa tena.

"Mtoto amelala kingamo," akasema akiwa ndani, mlango umefungwa. "Kama mtu aliyepata benchi peke yake. Hapa hatoki. Huyu anataka kisu cha daktari, na leo hii."

"Si alikwenda mwezi uliopita?" akauliza Mama, mama yake Redio. "Alikwenda mwenyewe kwa miguu yake, mzima."

Alikwenda, kweli, na njia ilikuwa fupi kama ulimi wa kuku. Alipofika akaelezwa kwamba vitanda ni vya wagonjwa, yeye si mgonjwa, arudi akishaumwa.

Kaka yake Redio, ambaye wote walimwita Fundi kwa kuwa alitengeneza baiskeli, akaleta baiskeli yake mwenyewe. Alikuwa ameshafunga mto kwenye kiti cha nyuma na kuufunika na kitenge ili usionekane kama mto. Malkia akavalishwa gauni la harusi ya binamu. Kapu lake likajazwa chupa tupu. Mama akasimama mlangoni ameziba mdomo kwa upande wa khanga, kwa usalama wa wote.

"Wewe ndiye wifi yake," Fundi akamnong'oneza dada yake. Akafuta grisi mikononi. "Usinyamaze hata kidogo."

"Tangu lini umeniona nimenyamaza?"

Wakatoka.

"Haya, wanakijiji!" Redio akapaza sauti mara tu baiskeli ilipogusa njia. "Tazameni maajabu. Malkia anakwenda sokoni! Mtu ambaye akiambiwa alete chumvi anaomba usafiri!"

"Afadhali mimi ninasubiri usafiri," akasema Malkia, ameshika kiti cha mbele kwa nguvu. "Wewe wachumba watatu wamepata usafiri wa kukukimbia."

"Wawili. Yule wa tatu nilimfukuza."

"Ulimfukuza akiwa ameshafika kwao."

Fundi alisukuma baiskeli. Nao wakapita nyumba ya mwisho, wakafika kisimani. Malkia akashikwa na uchungu. Redio aliuona mgongo wake ukikakamaa, na akajua kwamba sauti inakuja na haitazuilika, ikabidi ipatiwe kazi.

"Na hayo maharage ya jana," akasema upesi, "uliyapika au uliyaonyesha tu moto kwa mbali?"

"Weweee!" Malkia akalia kwa nguvu zake zote. "Mdomoooo! Mdomo kama mlango wa choo cha stendi, haufungikiiii!"

Njia ikatulia. Kaburi la Baba likapita upande wa kushoto, limefagiliwa vizuri. Mashine ya kusaga ikapita upande wa kulia. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na Redio akaanza kuhesabu vilivyobaki: daraja la magogo, kona, halafu bati jekundu la hospitali.

Hapo katikati wakakutana na mtu waliyekuja kumwita Mpimaji. Alikuwa kijana nadhifu, amevaa kofia pana, anasukuma gurudumu dogo lenye mpini mrefu lililokuwa linalia ka, ka, ka kila likizunguka. Akasimama kwa adabu.

"Habari za asubuhi, wazee wangu. Huyo ni mgonjwa?"

Njia nzima ikakaa kimya. Hata panzi waliacha.

"Mgonjwa?" Redio akacheka kwa sauti kubwa. "Huyu? Huyu ni mvivu wa kuzaliwa, kaka. Tunampeleka sokoni, akitokea mnunuzi tunamwacha hukohuko."

"Pamoja na mzigo tumboni?"

"Huo ni ulafi."

Mpimaji akacheka, akafuta jasho. Akaeleza kwamba ametumwa kuangalia kama kijiji kinahitaji zahanati yake. Utaratibu ni kwamba wanaokaa karibu na hospitali hawajengewi. "Napima umbali," akasema, "na pia nimeagizwa nitazame njiani kama kuna wagonjwa wanaopata shida ya kufika. Mpaka sasa sijaona hata mmoja. Kwa hiyo nauliza tena, kwa ajili ya kazi tu. Si mgonjwa?"

Fundi akafungua mdomo. Zahanati ilikuwa imesubiriwa tangu baba yao akiwa na meno. Ilitosha kusema neno moja, ndiyo, na neno hilo lingefika kwa wakubwa. Ila lingefika njiani kwanza. Redio akamkanyaga kaka yake mguu, akaubakiza unyayo wake hapohapo.

"Mzima kama jiwe," akasema.

"Kama jiwe," akarudia Malkia, na akatabasamu. Tone la jasho lilimtoka kidevuni likadondokea kapuni, likagonga chupa.

"Basi safari njema. Si mbali, hapo tu." Mpimaji akasukuma gurudumu lake, ka, ka, ka, akawapita, akavuka daraja, akapotelea kwenye kona kabla hawajapiga hatua za kutosha kuitwa mwendo.

Wakaendelea. Redio akamsema Malkia kwa usingizi wake, kwa namna anavyokunja shuka, kwa wimbo mmoja anaoimba kila siku bila kujua ubeti wa pili. Malkia alijibu, ila majibu yakawa yanachelewa. Kwenye daraja hakujibu. Redio akarusha lingine, kali zaidi, juu ya ukoo wa Malkia hadi kwa babu. Kimya. Akatazama. Kitenge kilichofunika mto kilikuwa kimebadilika rangi, na damu ilikuwa inashuka kwa utaratibu kwenye spoku za gurudumu la nyuma.

Bati jekundu lilikuwa linaonekana. Nguo za wauguzi zilionekana zimeanikwa kwenye kamba.

Malkia akanyoosha mkono akaushika wa Redio. Tangu aolewe hawakuwahi kushikana mikono isipokuwa kunyang'anyana kitu. Vidole vyake vilikuwa baridi. Redio akatafuta tusi. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kukosa, lakini alipoingiza mkono kwenye ghala lake la matusi alikuta sakafu. Akatafuta hata dogo, hata la kitoto. Kilichotoka kinywani kilikuwa kimekaa huko ndani miaka mingi bila yeye kujua.

"Pole," akasema. "Pole, wifi yangu."

Fundi akasimama. Redio akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, sawasawa na mama yake.

Njia haikupiga kelele. Ilijinyoosha tu, kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi mzuri. Bati jekundu likarudi nyuma, likawa saizi ya kitabu, halafu ya kibiriti, halafu likawa kitu ambacho ungeweza kusema umekiona kwa sababu tu ulijua kipo. Kati yao na bati hilo vikatokea vilima ambavyo havina jina, na mto mkavu, na vichaka vya ajabu. Redio alivijua vichaka hivyo. Alikuwa ameviona mara moja, akiwa amebeba chepe la kumzikia Baba.

Walijaribu kwa muda. Fundi alisukuma kwa mbio, akapitiliza kichaka kimoja, akakikuta kingine mfano wake. Jua likapanda. Mpimaji akatokea mbele yao, anarudi kutoka hospitali, anapiga mluzi.

"Bado hamjafika?" akashangaa kidogo, kwa upole. "Ni hapo tu. Mimi nimekunywa na chai." Akawapita, na gurudumu lake likalia ka, ka, kisha likawa halisikiki tena, maana alikuwa ameshafika kijijini.

Redio akabaki anatazama pale alipopotelea. Akaitazama njia, mbele halafu nyuma. Nyuma, kijiji kilikuwa karibu kabisa. Aliona moshi wa jiko la Mama. Njia ya kurudi ilikuwa fupi.

"Geuza baiskeli," akasema.

"Turudi?" Fundi akauliza. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Tumrudishe akafie nyumbani?"

"Geuza, nimekwambia. Aangalie nyumbani. Wewe na mimi tunatembea kinyumenyume." Kisha akamwinamia Malkia sikioni. "Nisikilize, Malkia. Umeshajifungua. Umetoka hospitali. Mtoto huyo hapo kapuni. Mbembeleze."

Malkia akafumbua macho. Akalitazama kapu lenye chupa tupu.

"Mzuri?" akauliza.

"Mbaya sana. Amefanana na wewe."

Malkia akalivuta kapu kifuani, akaanza kuimba ule wimbo wake, ubeti wa kwanza, kwa sauti nyembamba kama uzi. Redio akapunga mkono juu ya bega kuelekea lilikokuwa bati, huku akirudi nyuma hatua kwa hatua.

"Asante, daktari!" akapiga kelele. "Asanteni, wauguzi! Tumepona! Tunarudi nyumbani! Mama mzima, mtoto mzima, anakula kama mchwa! Baki na kitanda chako, daktari, huyu keshakilalia vya kutosha! Mtazameni alivyonenepa kwa uji wa serikali!"

Njia ikasita. Redio alihisi udongo ukisita chini ya visigino vyake.

"Malkia, ubeti wa pili!"

"Siujui," akasema Malkia.

"Tunga!"

Malkia akatunga. Ulikuwa ubeti mbovu, wa wifi mwenye mdomo mkubwa aliyemeza ngoma akaendelea kusema. Alipofika neno la mwisho uchungu ulimshika tena, naye akalivuta neno hilo, akalivuta, akaligeuza kicheko. Fundi alisema baadaye kwamba hajawahi kusikia kicheko cha namna ile na haombi kukisikia tena.

Ndipo njia ikaamini. Ilikuwa na tabia ya kuwafupishia waliopona, maana haikuwa na shida nao. Vilima vikalala. Mto mkavu ukajifunga. Vichaka vikawapita kutoka nyuma yao kasi hivi, na ukuta wa hospitali ukamgonga Redio mgongoni akaanguka chini na kapu la chupa juu yake.

Muuguzi alitoka na machela. Akaiona damu, akamtazama Fundi kwa hasira.

"Mnatoka wapi?"

Wakamwambia.

"Hapo tu?" akasema. "Ninyi wa hapo jirani ndio mnaochelewa kuliko wote. Wa mbali wanafika mapema. Uzembe mtupu." Akamsukuma Malkia ndani, mlango ukajifunga.

Redio akakaa kwenye benchi la korido. Mtu mmoja aliyekuja kung'olewa jino alimsalimu, akaitikiwa kwa kichwa. Fundi akawa anapangusa spoku za gurudumu la nyuma kwa shati lake, moja baada ya nyingine, hata zilizokuwa safi.

Daktari alitoka akiwa amechoka. Mtoto wa kiume, mzima. Mama atapona. Ila kizazi imebidi kitolewe, kwa sababu ya kuchelewa. "Mngefika mapema kidogo tu," akasema, "na kwenu ni karibu." Fundi akamshukuru kwa kumshika mkono, kwa kuwa hakukuwa na kazi nyingine ya kuipa mikono.

Malkia alipozinduka, alimkuta Redio amekaa kando ya kitanda, midomo imefungwa.

"Betri zimeisha?" akanong'ona.

Redio akalia hadi akafukuzwa wodini.

Siku ya kuruhusiwa walirudi kwa miguu, na njia ilikuwa fupi kiasi kwamba mtoto hakumaliza kunyonya.

Haukupita muda mrefu kijiji kikaitwa mkutanoni. Mpimaji alisimama chini ya paa la mashine ya kusaga, karibu na kibao kipya cha chuma kilichofunikwa gunia. Akawasalimu vizuri, akawapa matokeo. Umbali ni kilomita nne. Na katika kwenda na kurudi, njiani hakukutana na mgonjwa hata mmoja. Aliokutana nao walimhakikishia wenyewe kwamba ni wazima kama jiwe. Akawapongeza kwa afya zao. Watu wakapiga makofi, kwa sababu ukipongezwa unapiga makofi.

Redio akanyoosha mkono. Akaeleza habari ya njia, tangu kaburi la kisimani hadi ubeti wa pili. Hakuna aliyeshangaa, kwani wote waliijua njia. Mpimaji pia hakushangaa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nakuelewa, dada yangu," akasema. "Lakini gurudumu halina upendeleo."

"Basi pima tena, mgonjwa akiwa pembeni yako."

"Haiwezekani. Utaratibu unataka njia iwe kavu na mpimaji awe mzima." Akafikiri kidogo. "Na siku ile nilikuuliza. Mara mbili."

Redio akakaa chini. Gunia likavutwa. Kibao kilisema HOSPITALI KM 4, na mshale wake ulielekea sawasawa. Kikasimikwa mwanzo wa njia, na kabla saruji haijakauka kulikuwa na mbuzi amefungwa hapo.

Mvua zilipoanza, Mama akaanza kukohoa. Kwanza alikohoa kidogo, halafu usiku kucha, halafu khanga aliyofunikia mdomo ikawa inarudi na madoa. Familia ikakaa ndani, mlango umefungwa. Hila ya kinyumenyume haikufaa tena, njia ilikuwa imeshaijua. Binamu mmoja alikuwa ameijaribu na jipu lake, na njia ikampeleka kinyumenyume hadi mahali ambako aliomba maji kwa lugha ya ishara. Iliyobaki ni ya zamani, ya kutukanwa.

"Mimi ni mwanawe," akasema Fundi. "Ulimi utakatika."

"Mimi mkwe," akasema Malkia. "Hata kumtazama sana naogopa."

Wote wakamgeukia Redio. Redio akafungua mdomo, akamtazama mama yake, akaufunga. Wifi yake Mama alikuwa amekufa zamani. Shemeji zake wote walikuwa nyuma ya kisima, pamoja na Baba.

"Yupo mmoja," akasema Mama, akipumua kwa shida. "Mjukuu ana haki."

Wakamtazama mjukuu. Alikuwa amelala chali kwenye mkeka, ananyonya dole gumba, hana jino hata moja. Redio akamchukua, akamweka mapajani uso kwa uso, akaanza kazi.

"Sema: Bibi kizee. Haya. Bi-bi ki-zee."

Mtoto akamtazama mdomo kwa makini sana, akapuliza povu.

Nje, baiskeli ilikuwa tayari, mto umefungwa, kitenge juu. Mama alikuwa ameshavaa gauni la kutokea na kapu lilikuwa miguuni pake. Akajiegemeza ukutani, akajiziba mdomo kwa khanga ili kikohozi kisifike njiani.

"Msimharakishe," akasema. "Nitasubiri."